Koili Mbili za Gita la Solo

Mto Mkondoa ulipofurika masika yale, maji yaliingia katika ukumbi wa mjini Kilosa ambamo bendi ya shamba letu la mkonge ilikuwa imeacha vyombo vyake, yakakaa humo kama wageni waliolipa kiingilio. Yalipopungua, ngoma zilikutwa zimekwama mlangoni. Matarumbeta yalisuuzwa, yakaanikwa juu ya majani, yakalia tena. Gita la solo ndilo lililolala chini ya tope. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akilipiga, alilibeba mikononi mpaka nyumbani kwetu kambini, upande wa Rudewa, wala hakutaka mtu amsaidie.

Alilifuta, akalikausha kivulini, akaliwekea nyuzi. Siku ya mazoezi akalichomeka kwenye amplifaya. Amplifaya ilivuma, gita halikusema neno. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Ukabaki mvumo uleule, kama mvua inayosikika mlimani isiyofika.

“Limekunywa maji, limeshiba,” alisema kiongozi wa bendi, mpiga saksafoni aliyependa mzaha hata pasipokuwa na wa kucheka. Siku hiyo hakucheka hata yeye.

Ili ieleweke kwa nini gita moja lilitukosesha usingizi nyumba nzima, inabidi nirudi nyuma kidogo. Tulikuwa watoto wanne: mimi, mdogo wangu huyo wa kiume, na wadogo zetu wawili wa kike. Mama alitangulia kufariki, nikaacha shule darasa la sita ili niwalee wale wadogo. Baba alikuwa akisuka mota katika karakana ya korona, yaani ule mtambo unaomenya majani ya mkonge na kutoa singa. Mota ikiungua, yeye ndiye aliyetoa waya ulioungua na kuusuka mwingine mpya. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, kisha nabaki kumshikia waya, na vidole vyangu vikaijua kazi kabla mtu hajaniajiri. Naye alipofariki, fundi mkuu wa karakana alinipa kiti chake.

Siku tulipomzika baba, mtani wetu, Mnyamwezi mmoja aliyekuwa fundi wa magari pale shambani, aliketi ukingoni mwa kaburi akiwa ameshika jembe, akakataa kulitoa. Watani wana haki hiyo. Msibani hudai watakalo, na hakuna wa kununa.

“Huyu alikuwa mtumwa wangu,” alisema, watu wakacheka huku wanalia. “Kaondoka bila kuniaga. Basi watoto wake nawachukua mimi, nitawafuga na kuku wangu.”

Ilimbidi mjomba atukomboe. Kwetu sisi upande wa mama, Wakaguru wa Mamboya, mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Alitoa jogoo. Mtani akamtazama yule jogoo juu na chini.

“Huyu nitamla leo. Kesho utawagawa hawa watoto kama viazi, huyu huku, yule kule. Jogoo sitaki. Nipe neno.”

Mjomba akasimama, watu wote wakimwangalia. Kisha akatoa neno: watoto watakaa pamoja, mradi nyumba iwe na watu wazima wawili wenye kazi. Ndipo jembe likaachiliwa. Jogoo naye aliondoka na mtani.

Mtu mzima wa pili wa nyumba yetu alikuwa mdogo wangu mwenye gita. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Vumbi la korona lilimwangusha, na kukata mkonge hakuweza, maana akishika kisu asubuhi, jioni anakohoa mpaka anakaa chini. Lakini siku hizo mashamba yalikuwa yamekuwa mali ya umma, na kila shamba lilitaka bendi yake, na wapiga muziki waliandikwa kazi kama wafanyakazi wengine. Gita ndilo lililomweka kazini. Gita liliponyamaza, ofisi ikasema kwa upole tu kwamba mpiga solo asiye na gita ni mkata mkonge, na kama mkonge hauwezi, basi hana kazi. Wakampa nafasi mpaka Saba Saba, siku ambayo bendi ilikuwa imealikwa kupiga Mikumi.

Habari hupanda mlima haraka kuliko lori. Haukupita muda mrefu mjomba akashuka kutoka Mamboya, fimbo mkononi, na kikapu cha maharage.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia gita limekufa.”

“Linaumwa, mjomba.”

“Ugonjwa wa kupona?”

“Wa kupona.”

Aliketi, akanywa maji, akatutazama mmoja mmoja. Hakuwa mtu mbaya mjomba wetu. Alikuwa mtu wa kutimiza maneno yake, na neno alilolitoa kaburini lilikuwa na masharti.

“Mshahara mmoja, matumbo manne,” alisema. “Na wewe mwenyewe bado msichana. Huyu mdogo kabisa ataenda kwa shangazi yenu Vidunda. Huyu mwingine nitakaa naye mimi. Kijiji chetu cha ujamaa kina shule mpya, ina madirisha ya vioo.”

Mamboya ni milima ya kaskazini, Vidunda ni milima ya kusini. Ukiwapeleka watoto huko, mmoja huku na mmoja kule, Kilosa yote inakaa katikati yao. Wadogo zangu walikuwa wakilala kitanda kimoja, na mdogo kabisa hakuweza kupata usingizi mpaka ashike sikio la mwenzake.

“Nipe mpaka Saba Saba, mjomba,” nilisema. “Gita litalia.”

“Nani kasema?”

“Mimi.”

Alifikiri. “Njia ya Vidunda inapita Mikumi,” akasema mwishowe. “Basi siku hiyo nitapita nao Mikumi, na mizigo yao. Gita likilia, nitawarudisha hapa hapa. Lisipolia, ninaendelea na safari yangu, na nisikusikie ukilia wewe.”

Alipoondoka, mdogo wangu alinigeukia. “Dada, umeahidi kitu gani?”

“Lete bisibisi,” nikamwambia.

Tulilifungua gita mezani. Chini ya nyuzi lilikuwa na vitu viwili vilivyofanana na vibiriti vyembamba. Wanamuziki waliviita pikapu. Kabla ya siku ile nilidhani ni mapambo. Nilipotoa kifuniko cha kwanza nilicheka kwa furaha, kwa sababu nilichokiona ndani nilikijua: koili. Vijiti vya sumaku vimesimama mstarini, kimoja chini ya kila uzi, na kuzunguka sumaku hizo umesukwa waya. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, mtetemo unaingia katika waya, waya unaupeleka kwenye amplifaya. Ni mota inayofanya kazi kinyumenyume. Mota hupewa umeme ikatoa mwendo; hiki hupewa mwendo kikatoa umeme.

Lakini waya wenyewe ulikuwa umegeuka kijani, ukikatika ukiugusa, na vibao vilivyoushika vilikuwa vimevimba kwa maji. Sumaku peke yake ndizo zilizokuwa nzima. Kiongozi wa bendi alikuwa ameshaulizia pikapu mpya Morogoro na Dar es Salaam. Aliambiwa fedha za kigeni zinanunua matrekta.

“Nitatengeneza,” nilisema.

Vibao vipya nilikata kutoka katika ile karatasi ngumu tunayoweka ndani ya mota ili waya usiguse chuma. Fundi mkuu aliniruhusu, akaniambia nisimwombe kingine. Shida ilikuwa waya. Wa karakana ulikuwa mnene. Nilijaribu kuusuka, koili ikajaa kabla haijaanza, na tulipoichomeka katika redio ya jirani tukasikia kitu kama mtu anayenong'ona chini ya blanketi. Nilihitaji waya mwembamba kuliko unywele, na sikujua mahali unapopatikana, mpaka nilipomkumbuka mtani. Alikuwa ameacha kazi shambani akaenda kufanya kazi katika gereji moja kando ya barabara kuu, Mikumi. Niliwahi kumwona akivunja koili ya lori, ile inayopeleka moto kwenye plagi, na ndani yake kulikuwa na waya kama nywele za mtoto.

Nilipanda treni kwenda Mikumi siku ya mapumziko. Nilimkuta mtani amelala chini ya lori, miguu nje.

“Miguu hii naijua,” nilisema. “Ni ya mpagazi aliyechoka njiani akatelekezwa na wenzake.”

Miguu ikatikisika. “Na sauti hiyo naijua. Ni ya watu wa milimani, wanaoshuka bondeni kila chumvi inapowaishia. Umeleta nini?”

“Nimekuja kuchukua, sikuja kuleta.”

“Mtumwa anachukua kwa bwana wake?” Alijivuta nje, akaketi, akapangusa mikono. Uso ulikuwa umejaa oili, meno tu ndiyo meupe. “Sema, mwanangu. Watoto hawajambo?”

Nikamweleza yote. Aliposikia habari ya Vidunda na Mamboya aliacha utani. Akainuka, akaenda nyuma ya gereji, akarudi amekumbatia koili za magari yaliyokufa, mengine yamegonga mti, mengine yamegonga twiga. Mikumi gari halikosi mnyama wa kugongana naye.

“Chukua zote. Lakini najua ninyi Wakaguru, mtasema nimetoa bure.” Akaninyang'anya kikapu changu, chenye maharage ya mjomba, zawadi yake ambayo nilikuwa bado sijamtajia, akakificha nyuma ya mgongo. “Hiki nimekiteka. Mwambie mjomba wako aje mwenyewe kukikomboa.”

“Atakuja Saba Saba.”

“Aje. Namsubiri na lile neno lake.”

Kutoa waya ule ndani ya makopo ya zile koili za magari kulihitaji subira. Ulikuwa umezama katika lami, na niliupasha moto polepole, nikiuvuta kwa vidole vilivyopakwa mafuta. Ulikatika. Nikaanza tena. Ukakatika. Wadogo zangu walikatazwa kufungua mlango, maana upepo tu ulitosha kuupeperusha, na kuutafuta sakafuni ni sawa na kutafuta pumzi. Kila jioni baada ya kazi niliketi kwenye cherehani ya mama. Cherehani ina mahali pa kujazia uzi kwenye kigurudumu. Hapo ndipo nilipokipachika kibao cha koili, mkono wa kulia nikizungusha, waya ukipita katikati ya vidole vya kushoto vilivyoshika kipande cha kanga. Ukibana sana, unakatika. Ukilegeza, koili inavimba kama shuka lililotandikwa na mtu mvivu. Nilikuwa nikihema taratibu kama mtu anayevua samaki kwa mikono.

Koili ya kwanza ilipojaa, nilifunga fundo jekundu la uzi mwanzoni na jeusi mwishoni, kama baba alivyonifundisha. Ya pili nikaisuka nikizungusha mkono upande wa pili, pia kama baba alivyonifundisha. Nikazifunga, nikamshukuru Mungu.

Tulizijaribu kwa redio ya jirani, kwanza moja, kisha nyingine, kwa kuwa redio ilikuwa na tundu moja. Zilisikika! Lakini zilipiga mluzi pia, mluzi mkali uliowafanya mbwa wa kambini wasimame. Mdogo wangu aligonga kibao kwa ukucha, redio ikasema “ko, ko, ko”.

“Waya unacheza ndani,” nilisema. Mota tungeitia vanishi, lakini ya karakana ilikuwa nzito, niliogopa itaula waya ule mwembamba. Macho yangu yakaenda juu ya kabati. Shangazi yetu wa Vidunda alikuwa ametuletea asali ya kifua cha mdogo wangu, ikiwa bado kwenye masega. Tuliikamua asali, tukayeyusha nta katika sufuria ndani ya maji ya moto, nikazitumbukiza koili zangu humo mpaka viputo vikaisha. Mluzi ukaisha. Nyumba nzima ilinukia kama kanisani siku ya sikukuu, na wale wadogo walilamba vijiko mpaka wakaumwa tumbo.

Mjomba alifika siku moja kabla ya Saba Saba. Alikuta mizigo miwili imefungwa kwa kanga za mama, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa niifunge, na mimi ninapoambiwa jambo na mjomba ninalitenda. Asubuhi tulipanda treni sote. Mdogo wangu alikuwa ametangulia na bendi kwenye lori, gita mapajani. Nilikuwa nimeshazifunga pikapu ndani yake na kulehemu waya zote. Kulikuwa na swichi ya kuchagua pikapu ipi isikike, lakini tope lilikuwa limeikwamisha katikati, mahali ambapo zote mbili hulia pamoja. Tuliiacha hivyo, maana lori lilikuwa likimsubiri. Mdogo wangu alipenda zote mbili zilie pamoja, alisema moja ina mfupa na nyingine ina nyama.

Dansi lilikuwa la alasiri, lile tulilokuwa tukiita bugi, linaloruhusu hata watoto na wazee. Lilipigwa uani kwenye baa moja kando ya barabara kuu, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Mtani alikuwa ameshafika, amevaa shati jeupe, amekaa meza ya mbele na kikapu changu juu ya meza.

“Mateka huyu hapa!” alimpokea mjomba. “Umekuja kumkomboa?”

“Nimekuja kusikiliza,” mjomba alijibu, akaketi. Mizigo miwili akaiweka katikati ya miguu yake. Wadogo zangu wakakaa kila mmoja upande wake, wameshikana mikono juu ya magoti ya mjomba.

Mdogo wangu alilichomeka gita. Alinitazama, akagusa nyuzi.

Kilichotoka sijakisahau mpaka leo. Hakikuwa kimya. Kimya ningekielewa. Ulikuwa mlio mwembamba, umekondeana, hauna tumbo wala kifua, kama mbu ndani ya kopo. Akaongeza sauti. Mbu akaongezeka, basi.

“Tumemwalika nani leo?” kiongozi wa bendi aliuliza. “Hili gita au malaria?”

Watu uani wakacheka. Mpiga ngoma akajaribu kuanza wimbo, matarumbeta yakaingia, na gita likapotea chini yao kabisa. Mdogo wangu aliendelea kupiga, vidole vikikimbia, jasho likimtoka, hakuna kinachosikika. Wakasimama. Kiongozi wa bendi, safari hii bila mzaha, akaja karibu yangu.

“Dada, tuambie ukweli. Tupige bila solo?”

Nilimwona mjomba akiinama. Alikuwa akiishika ile mizigo. Hakuwa na haraka, hakuwa na uso wa kushinda. Alikuwa tu mtu aliyeahidi jambo na sasa anatimiza.

“Mjomba,” nilisema, “wimbo bado haujaanza.”

“Basi sijasimama,” alisema. Lakini mkono haukuiachia mizigo.

Mtani alikuwa amekuja nyuma yangu. “Nini?”

“Sijui. Nyumbani kila moja ililia vizuri.”

“Kila moja peke yake?”

“Ndiyo.”

“Na pamoja?”

Nilimtazama. Pamoja hatukuwa tumezijaribu. Nilichukua bisibisi, nikainua kifuniko, nikatenga waya wa pikapu moja. “Gusa,” nikamwambia mdogo wangu. Akagusa. Ua wote uligeuka: sauti nene, pana, imejaa. Nikaurudisha, nikatenga wa nyingine. Akagusa. Sauti kali, safi, kama maji ya mlimani. Nikaunganisha zote. Mbu.

Hapo nilikumbuka mota. Ndani ya mota koili zimepangwa duara, na kila moja husukwa kinyume cha jirani yake: hii ikielekea kulia, ile inaelekea kushoto. Ndiyo sheria ya kwanza aliyonifundisha baba, na mkono wangu haujui kusuka koili mbili jirani kwa namna nyingine. Lakini gita si mota. Humu zote mbili husikiliza uzi mmoja, na moja ikivuta wakati mwenzake anasukuma, zinalana mpaka hazibakizi kitu. Nilikuwa nimesuka kwa uaminifu wote, kila fundo mahali pake, na nikazifanya maadui.

Nilianza kucheka. Mdogo wangu alidhani nimechanganyikiwa.

“Dada?”

“Zimetazamana vibaya,” nilisema. “Nageuza moja tu. Jekundu linakwenda kwa jeusi. Nani ana moto?”

Mtani alikuwa tayari. Alikimbia gerejini kwake, jirani tu kando ya barabara, akarudi na lehemu na nondo nyembamba iliyochongwa ncha, akaisukuma ndani ya makaa ya mchoma nyama, katikati ya mishikaki.

“We mzee, nyama yangu!” mchoma nyama alipiga kelele.

“Tulia. Leo unachoma na umeme.”

Nondo ikawa nyekundu. Nilishika waya kwa ncha za vidole, mtani akashika kipande cha lehemu, mdogo wangu akalala juu ya gita kuzuia upepo. Nilikuwa nikisikia jenereta, na malori yakipita kwenda Iringa, na mdogo wetu wa mwisho akiuliza kwa sauti ya juu: “Mjomba, Vidunda kuna asali nyingi kuliko ile ya nyumbani?” na mjomba akimjibu kwamba asali ni ya watoto wanaonyamaza. Lehemu ikayeyuka, ikashika. Jekundu mahali pa jeusi, jeusi mahali pa jekundu. Nikapuliza. Nikafunga kifuniko kwa skrubu moja tu, nyingine nikazifunga kwenye pindo la kanga.

“Gusa,” nikasema.

Akagusa uzi mmoja, ule wa sauti ya chini, mnene.

Sijui namna ya kuandika sauti. Nitasema tu kwamba glasi za mezani ziliitikia. Mfupa na nyama, vyote pamoja. Mdogo wangu alibaki amekodoa macho, kisha akaruka juu ya nyuzi zote, na mpiga ngoma, aliyekuwa amechoka kungoja, akamdaka hewani. Matarumbeta yakaja juu yake, na gita halikupotea. Lilikaa mbele yao, linacheka, linakwenda. Watu walikuwa wameshasimama kabla wimbo haujafika kiitikio.

Nilikaa chini palepale, juu ya kreti la bia, na kanga yangu nikaivuta mpaka usoni. Nilikuwa nimebeba kitu kwa muda mrefu, bila kujua uzito wake mpaka kilipotuliwa. Nililia, na mjomba alikuwa ameniambia asinisikie nikilia, kwa hiyo nililia nikijua kuwa gita linanifunika.

Nilipofunua uso, mtani alikuwa amesimama mbele ya mjomba na kile kikapu.

“Haya, mzee wa Mamboya. Neno lako lilikuwa watu wazima wawili wenye kazi. Mmoja yule pale anapiga. Mwingine yule pale analia. Hesabu.”

“Nimehesabu,” alisema mjomba.

“Basi chukua maharage yako. Nimeyateka, yamenishinda kupika, ni magumu kama kichwa chako.”

Mjomba alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mama alipokuwa hai, na nilishtuka kuona ana pengo lilelile la mama katikati ya meno ya mbele. Alipokea kikapu. Kisha akaiinua mizigo miwili kutoka katikati ya miguu yake, akaisukuma chini ya meza, mbali na njia, kama mtu anayetengeneza nafasi ya kucheza. Hakucheza. Wazee wa Mamboya hawakucheza bugi. Lakini fimbo yake ilikuwa ikigonga ardhi, na ilikuwa ikigonga mahali panapotakiwa.

Bendi ilipopumzika, kiongozi alikuja kukaa nasi, shati limelowa, akiwa amerudiwa na mzaha wake. “Shikamoo, mzee. Wewe ndiye mjomba tuliyeogopeshwa naye?”

“Marahaba. Ndiye.” Mjomba alimimina soda katika glasi, akawapa wale watoto wagawane. Akasubiri mpaka wanywe. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

“Hilo lori lenu la kurudi Kilosa, lina nafasi ya watoto wawili na mizigo yao?”

“Lipo kwa ajili yao, mzee.”

“Na mimi kiti cha mbele,” mjomba akasema. “Mgongo wangu hauwezi nyuma.”

Mdogo wetu wa mwisho ndiye pekee aliyenuna njia nzima. Alikuwa ameahidiwa asali ya Vidunda.